Taa Zote Zilikuwa Zinawaka

Simu ya marehemu ilikuwa kavu. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Eufrazia tangu asubuhi, na ndilo lililomfanya akatae kusaini jalada kabla hajafika mtoni mwenyewe.

Felisiani alikuwa ameifunga katika mfuko wa nailoni, mkunjo juu ya mkunjo, kama wafanyavyo wakulima wa Misunkumilo mvua zikianza, kisha akaitia mfukoni mwa shati na kuufunga kifungo. Maji yalimkuta katikati ya kivuko, yakamchukua yeye, baiskeli na gunia la mahindi. Walipompata kwenye matete kesho yake, simu ilikuwa ingali hai. Eufrazia aliifungua kituoni mbele ya shahidi, akapitia ujumbe mmoja mmoja. Palikuwa na salamu za ndugu wa Usevya, palikuwa na tangazo la kifurushi. Ujumbe wa tahadhari haukuwapo.

Na ulipaswa kuwapo. Mwendo wa robo saa juu ya kivuko, nyuma ya mashine ya kusaga ya Bi Mwanahija, kuna nguzo iliyofungwa kompyuta ndogo, ubao mmoja usiozidi kiganja cha mkono, unaoendeshwa kwa mfumo wa Linux kama kompyuta yoyote kubwa. Kipimo chake kinaning'inia juu ya mto. Mvua ikinyesha milimani na maji yakapita alama, kifaa hicho hutumia waifai ya pale mashineni kupeleka ujumbe kwa kila mkulima mwenye shamba ng'ambo: msivuke. Aliyekifunga ni Optatus, fundi, mdogo wake Felisiani. Na Optatus huyo alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha gari la polisi, pingu mikononi, kola ya shati imechanika tangu siku aliyokamatwa.

Maziko yalikuwa alasiri hiyo. Mkuu wa upelelezi alitaka jibu kabla ya hapo: ama Optatus apelekwe mahakamani kwa kumuua kaka yake, ama aachiwe akamzike.

"Afande," Optatus alisema kutoka nyuma, "hata kama mtanirudisha ndani, naomba nikatupe udongo tu. Hizo pingu mniache nazo."

"Tunaanza na nguzo," Eufrazia alijibu.

Koplo Salvator, aliyekuwa akiendesha, alimtazama Optatus kwenye kioo.

Maelezo dhidi ya Optatus yalikuwa mazito. Ndugu hao wawili waligombania shamba la bondeni waliloachiwa na baba yao. Jeniffer, mjane, alieleza kwamba shemeji yake alisimama uani kwake akasema mbele ya watu: "Bonde hilo maji yatakuja kulichukua, na wewe humo humo." Alieleza pia kwamba Jumapili alimwona juu ya ile nguzo akiwa na plaizi mkononi. Felisiani alikufa Jumatano.

Lakini palikuwa na maelezo mengine, ya Kalisti, jirani aliyekuwa ng'ambo akifungua mbuzi. Yeye alimwona Felisiani akisimama ukingoni, akaegemeza baiskeli kiunoni, akatoa simu, akakunjua nailoni, akatazama, akaifunga tena taratibu. Ndipo akaingia majini, saa kumi na moja jioni ikiwa imepita kidogo. Maji yalikuwa ya magoti. Ukuta wa maji ulikuja baadaye, akiwa katikati.

Mtu huyo, Eufrazia aliwaza, aliuliza kabla ya kuvuka. Na alidhani amejibiwa.

*

Mashine ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msiba wa jirani. Bila ule mlio wa injini, pale mahali palikuwa pageni. Ulisikika mto peke yake, nao ulikuwa umerudi kuwa mdogo, kama haukufanya kitu.

"Usiguse chochote," Eufrazia alimwambia Optatus. "Wewe utasema, mimi nitafanya. Salvator ataandika."

"Inspekta, mwandiko wangu mimi unaujua."

"Andika polepole."

Salvator alizunguka nguzo, akachutama. "Basi tusichoshane. Huu hapa." Waya mweusi ulining'inia kutoka katikati ya nguzo, mwisho wake umekatwa wima. "Plaizi hiyo. Nani mwingine?"

Eufrazia alipiga picha kwanza, ndipo akaushika. Shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na ndani ya ganda la plastiki buibui alikuwa amekwisha kujenga na kuhama. Shaba iliyokatwa Jumapili ingekuwa bado inang'aa. Aliufuata waya kwa kidole mpaka juu: uliishia kwenye kibao kitupu chenye alama za kutu za misumari.

"Ulikuwa wa nini?"

"Wa betri ya zamani, ya gari," Optatus alisema. "Ilikufa mwaka jana, nikaweka nyingine ndani ya boksi. Huu niliuacha tu."

"Uvivu," alisema Salvator.

"Uvivu, afande. Sikatai."

"Jumapili ulipanda kufanya nini?" Eufrazia aliuliza.

"Kufuta paneli ya sola. Ndege wamejenga pale, wanaichafua, betri haijai. Nikakata kiota kwa plaizi, nikafuta, nikashuka."

"Kifaa chenyewe ulikikagua?"

Optatus alitazama juu kwenye boksi. Kupitia kifuniko chenye vumbi zilionekana nukta mbili, nyekundu na kijani.

"Nilitazama taa. Zote zilikuwa zinawaka."

"Nyekundu inasema nini?"

"Kwamba umeme unaingia."

"Na kijani?"

"Kwamba kinafanya kazi."

"Ipi inayosema kwamba kinasikika?"

Salvator aliinua kalamu, akangoja, mwishowe akaandika: hakuna.

Eufrazia akauliza habari za uani kwa Jeniffer. Je, yale maneno aliyasema?

"Niliyasema. Bonde lile linafurika, afande, kila mtu anajua. Nilimwomba ahamie juu, achukue kipande changu mimi, nami nitafute kwingine. Akaniambia nataka kumhamisha ili nichukue bonde lenye rutuba. Hasira ikanitoka. Nikasema hivyo." Aliutazama mto. "Na maji yakaja."

Eufrazia alipanda ngazi mwenyewe. Aliwahi kupelekwa Dar es Salaam kusomea vielelezo vya kielektroniki, na amri za Linux hazikumtisha. Alichomeka waya kutoka kwenye kifaa mpaka kwenye kompyuta mpakato iliyokuwa mapajani mwa Salvator, akashuka, akakaa kwenye pipa lililopinduliwa. Waya ule huongea na kifaa moja kwa moja, pasipo mtandao. Ni kama kumhoji mtu aliyepoteza sauti kwa kumpa karatasi.

Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo.

"Mimi nikikosa neti nazima simu nawasha," Salvator alinong'ona. "Leo namwona mshukiwa asiye na mdomo akihojiwa."

"Na ukizima na kuwasha hapa, utafuta nusu ya ushahidi."

Aliyafuata mambo kutoka nje kwenda ndani. Radi ingeweza kuunguza kadi ya waifai. Aliuuliza ubao, ukamwonyesha kadi, nzima, imewashwa. Kifurushi cha intaneti kingeweza kuwa kimekwisha. Lakini Bi Mwanahija alikuwa ameonekana kwa dirisha la duka lake lililo ubavuni mwa mashine, akizungumza kwa video na ndugu wa Kigoma, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Mtandao ulikuwapo. Aliuliza anwani ya kifaa. Hapo pakawa patupu.

"Hakina anwani," alisema.

"Ruta ya dukani ndiyo inayogawa," Optatus alisema. "Kila kinachoingia kinapewa yake."

"Basi hakikuingia. Kimesimama nje ya mlango." Aliandika amri nyingine, ya kukiuliza kinaona nini hewani. Jibu lilikuwa jina moja tu, lenye nguvu ya kutosha, la mtandao ulio hatua chache kutoka pale: Duka la Mashine.

Optatus aliinama kusoma, uso ukakunjamana. "Siyo huo."

"Siyo nini?"

"Siyo jina lake."

Eufrazia alifungua kumbukumbu za kifaa. Optatus alikuwa ameziandika kwa Kiswahili mwenyewe, na zilikuwa mistari mifupi, mmoja chini ya mwingine, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuchoka:

Natafuta mtandao: Uwesu. Hauonekani.
Natafuta mtandao: Uwesu. Hauonekani.
Natafuta mtandao: Uwesu. Hauonekani.

Salvator aliacha kuandika. Misunkumilo nzima ilimjua Uwesu, mtoto wa pekee wa Bi Mwanahija, kijana wa kidato cha sita aliyekuwa akitengeneza simu za watu mlangoni pa mashine. Ugonjwa wa selimundu ulimmaliza wakati wa kiangazi.

"Waifai aliipa jina lake," Optatus alisema. "Kujidai tu, ujana. Hiki kifaa tulikifunga wawili. Yeye juu kwenye ngazi, mimi chini namrushia skrubu. Paswedi aliiingiza yeye, hakutaka niione."

Eufrazia alirudi nyuma kwenye kumbukumbu, akatafuta mstari wa kwanza wa "hauonekani". Ulikuwa wa Jumamosi moja, adhuhuri.

"Jumamosi hiyo kulikuwa na nini hapa?"

"Arobaini yake," Optatus alisema kwa sauti ndogo. "Hitima. Mimi nilikuwa Katumba, nafunga pampu kwa wakulima wa tumbaku. Sikufika."

Palibaki Jumatano. Eufrazia aliteremka kwenye kumbukumbu mpaka hapo. Katikati ya kile kilio cha mstari mmoja palikuwa na mistari mingine miwili:

Maji yamepita alama. Ujumbe umeandikwa.
Kutuma kumeshindikana. Ujumbe umewekwa foleni.

Alipiga picha, akasoma kwa sauti ili Salvator aandike.

"Kiliona maji," Salvator alisema.

"Kiliona," Optatus alisema. "Hakikuwa na wa kumwambia." Alijaribu kujifuta uso, pingu zikamzuia, akatumia bega. "Sisi tulizoea hivyo, afande. Kikinyamaza, mto umetulia. Sikukifundisha kusema kwamba kimepotea. Ningekiandikia mistari mitano tu, kila asubuhi kiseme nipo. Sikuandika. Kaka alitazama simu, akaona kimya, akavuka."

Eufrazia alifunga kompyuta. Aliyetaka kuua angekata umeme, angeng'oa kipimo, angefuta kumbukumbu. Hapa hakuna kilichoguswa. Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Mfungue pingu," alimwambia Salvator.

*

Dukani, Bi Mwanahija alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, ushungi umeshuka mabegani. Mumewe Zubery alikuwa mjini Kashaulili kwa swala ya Ijumaa. Bi Mwanahija aliwaona watatu wakiingia, akamwona Optatus bila pingu, akanyanyuka.

"Alhamdulillahi. Mmemwachia. Kaeni, niwawekee chai."

"Shikamoo, Mama Uwesu," Optatus alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Eufrazia aliweka bahasha ya kaki juu ya kaunta. Ndani yake ilikuwamo simu ya Felisiani, kielelezo namba moja. Hakuketi.

"Mama, waifai ya hapa ilikuwa inaitwaje?"

Mwanamke yule alikaa tena taratibu. "Kwa nini?"

"Nieleze tu."

"Ilikuwa kwa jina la mwanangu." Alinyoosha kitambaa cha kaunta kilichokuwa kimenyooka. "Siku ya arobaini tuligawa nguo zake. Shati kwa huyu, viatu kwa yule, kitanda akachukua mtoto wa dada yangu. Kila kitu kikatoka, kama inavyotakiwa. Wageni wakiwa bado wanakula, nikaingia ndani nikashika simu. Inaniambia: umeunganishwa, Uwesu." Alikilaza kitambaa tena kwa kiganja. "Watu kuniita Mama Uwesu siwezi kuwazuia, na sitaki. Lakini ile simu, afande, kila nikiamka inaniambia yupo. Nikabadilisha jina, nikaandika Duka la Mashine. Yeye mwenyewe alinifundisha, ili niwafungie wateja wanaozoea vya bure. Paswedi niliiacha ile ile. Simu zetu tukaziingiza upya, hakuna kilichoharibika."

"Na kifaa cha kwenye nguzo?"

"Kile si cha Optatus?"

"Kinatumia mtandao wako."

"Najua kinatumia mtandao. Mtandao nimewaachia, sikuuzima hata siku moja." Alimtazama Optatus, akarudi kwa Eufrazia, na maneno yake mwenyewe yakaanza kumfikia. "Si upo?"

"Upo. Ila kifaa hakitafuti mtandao wowote. Kinatafuta ule kilioambiwa."

"Kinatafuta nini?"

Eufrazia hakuwa mtu wa kuzunguka. "Kinamtafuta Uwesu. Tangu Jumamosi ile, mchana na usiku."

Mkono wa Bi Mwanahija ulikwenda mdomoni. Kisha, kabla yeyote hajamwelewa, alivuta simu yake kutoka kwenye kopo la sukari, akabonyeza haraka haraka kwa kidole kimoja, kama mtu anayejua njia ya nyumba gizani.

"Mama, subiri kwanza," Eufrazia alisema.

"Nisubiri nini? Maji yakija leo tena?"

Ruta juu ya kabati ilizimika taa, ikawaka kwa jina la zamani. Walisimama wote wakiitazama. Huko nyuma, kwenye nguzo, hakuna kilichosikika.

Ndipo bahasha ya kaki ilipotetemeka juu ya kaunta.

Ilitetemeka mara moja, ikasogea kidogo kuelekea kwenye mizani, ikatulia. Mwanga wa simu ulionekana kupitia karatasi. Simu ya Optatus ililia mfukoni mwa Salvator, ilimowekwa tangu kukamatwa. Simu ya Bi Mwanahija ikalia mkononi mwake.

"Foleni," Optatus alisema. Alishika ukingo wa kaunta. "Imeondoka foleni."

Ujumbe ulikuwa mfupi. TAHADHARI. Maji yamepita alama. Msivuke. Jumatano, saa kumi na moja jioni.

Eufrazia alihesabu kosa lake bila kujionea huruma. Neno lile la foleni alilisoma mwenyewe nguzoni, akaliandikisha, na hakuuliza mtandao ukirudi litafanya nini. Sasa kila mkulima wa ng'ambo alikuwa ameupata ujumbe, na saa hiyo wote walikuwa mahali pamoja, mazikoni.

"Gari," alisema.

Bi Mwanahija alikuwa tayari anafunga ushungi. "Nami nakwenda."

"Si lazima, mama. Ripoti nitaandika mimi. Hapa hakuna kosa la jinai."

"Sikuuliza habari za jinai."

*

Makaburini hapakuwa na wimbo. Katekista alisimama na kitabu kimefungwa juu ya kidole. Jeneza lilikuwa bado juu ya kamba, na wanaume waliovaa mashati ya Jumapili, wanawake waliojifunga vitenge, walikuwa wameinamia simu zao au wamezishika tu, kama mtu anavyoshika kitu asichojua pa kukiweka. Kalisti alikuwa akilia waziwazi.

Jeniffer aliwaona wakija. Aliwaacha wanawake waliokuwa wakimshikilia, akatembea mwenyewe mpaka mbele ya Eufrazia, simu mkononi.

"Afande, huu umetoka wapi?"

"Umetoka nguzoni. Kifaa kiliuandika Jumatano, kabla mumeo hajaingia majini. Hakikuwa na njia ya kuutuma. Umefika leo."

"Nani aliuzuia?" Hakumtazama Optatus, lakini kila mtu alijua swali lilikuwa linaelekea wapi.

"Shemeji yako hakukigusa kifaa. Nimekikagua mwenyewe."

"Nimeuliza nani."

"Ni mimi, Jeniffer," Bi Mwanahija alisema.

Alieleza pale pale, amesimama kati ya makaburi mawili ya zamani, bila kulia na bila kujitetea. Nguo walizogawa, simu iliyokuwa ikimwambia yupo, jina alilolifuta. Alipomaliza hakuomba msamaha. Alingoja tu, mikono imening'inia.

Jeniffer alimsogelea hatua moja.

"Ile arobaini nilipika mimi," alisema. "Kuni alileta Felisiani. Alivuka nazo asubuhi kwa baiskeli ile ile. Nikamuuliza, mto ukoje? Akasema, simu imenyamaza, mke wangu, mto uko salama." Alikunja simu ndani ya kitenge chake. "Sisi tulikuwa kwako tunakula pilau, nawe uko ndani unalia peke yako. Hata hatukukusikia."

Bi Mwanahija alikaa chini, palepale kwenye majani. Jeniffer hakumwinua, ila hakuondoka pia. Alisimama karibu naye, kivuli chake kimemwangukia.

"Shemeji," alisema bila kugeuka.

"Nipo," Optatus alijibu kwa mbali.

"Shika chepeo."

"Nilipanda kwenye ile nguzo Jumapili. Nikatazama taa tu."

"Nimesikia. Shika chepeo, kaka yako anangoja."

Katekista alifungua kitabu. Kamba zikalegezwa.

Eufrazia alirudi kwenye gari na jalada. Aliandika sababu ya kukosekana kwa tahadhari kwa sentensi mbili, akaandika kwamba hapakuwa na nia ovu kwa mtu yeyote, akaandika kosa lake la kutouliza habari za foleni. Kisha akafungua bahasha ya kaki ili kulinganisha orodha ya vielelezo na hali yake ya sasa. Kwenye simu ya Felisiani, ndani ya nailoni yake, palikuwa na alama ndogo ya bahasha iliyofungwa.

Nyuma yake udongo wa kwanza uligonga mbao.

Hakuufungua ujumbe ule. Aliandika mbele ya kielelezo namba moja: ujumbe mmoja, haujasomwa.